Siku tatu Berlin na mama: fuata njia ya treni, si orodha

Swali la msomaji wa Tanga: "Mwezi wa kumi nina mkutano wa kikazi Berlin na nimeamua kwenda na mama yangu. Ana miaka 68, hajawahi kutoka nje ya nchi, na magoti yanamsumbua. Mkutano ukiisha tutabaki na siku tatu. Nimeandika orodha ya sehemu 19 za kutembelea. Ndugu wananiambia ninunue tiketi ya basi la watalii, kwingine twende kwa teksi. Je, zote 19 tutaziweza? Na usafiri wa kule nitaumudu vipi bila Kijerumani?"

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama.

Kumi na tisa hamtaziweza, na mtu atakayekuambia mtaziweza hajawahi kutembea Berlin na mzee. Nimeongoza wageni katika mji huu kwa miaka mingi, na walioondoka wamechoka na kununa ni wale waliokuja na orodha. Berlin haina katikati moja. Kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi 9 Novemba 1989 ulikuwa mji uliokatwa na ukuta, na kila upande ukajijengea moyo wake: magharibi pale stesheni ya Zoo, mashariki pale Alexanderplatz. Kwa hiyo vitu vya kutazama vimetawanyika. Ukifuata orodha utavuka mji huku na huko kutwa nzima, na mtakachokiona zaidi ni mgongo wa abiria aliyesimama mbele yenu.

Fanya hivi: kila siku chagua njia moja ya usafiri, na mshuke kwenye vituo vyake tu. Siku ya kwanza basi namba 100. Siku ya pili treni ya chini ya ardhi U8. Siku ya tatu U6. Ukiwa na njia moja hupotei, na mama akichoka mnarudi kwa njia mliyokuja nayo.

Kabla ya kufika huko, tiketi, maana hapa ndipo wageni wetu wengi wanapoumia. Vituo vya Berlin havina mageti. Unateremka ngazi, treni inakuja, unaingia, hakuna anayekuuliza kitu. Mgeni anadhani usafiri ni wa bure au wa kuaminiana. Halafu kati ya vituo viwili, kijana aliyevaa jinzi na jaketi, aliyekuwa amesimama kama abiria mwingine, anatoa kitambulisho na kuomba tiketi. Asiye na tiketi halali hulipa euro 60, na maelezo kwamba wewe ni mgeni hayasaidii chochote. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikamatwa nikiwa na tiketi mfukoni, nimeilipia pesa yangu mwenyewe. Kosa lilikuwa langu: sikuigonga. Tiketi ya karatasi kutoka kwenye mashine ya kituoni inatakiwa uitie kwenye kile kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani, igongwe tarehe na saa, ndipo inakuwa tiketi. Kabla ya hapo ni karatasi tu. Kwenye basi kisanduku kimo ndani. Ukinunua kwa programu ya simu hakuna kugonga, lakini nunua kabla ya kupanda, si baada ya kumwona mkaguzi.

Mji umegawanywa kanda tatu, A, B na C. Karibu kila ninachokutajia hapa kimo ndani ya A na B, kwa hiyo nunua AB. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, hivyo siku ya kufika na siku ya kuondoka utahitaji ABC. Tiketi ya safari moja ya AB ni kama euro 4, na bei hupandishwa mara kwa mara. Inadumu saa mbili kwenda mbele tu, huruhusiwi kurudi nayo ulikotoka. Iko ya saa 24 ambayo ukipanda mara tatu imeshajilipa. Ukiigonga saa nne asubuhi, inakufikisha saa nne asubuhi ya kesho yake. Kwa nyinyi wawili hiyo ndiyo tiketi, kila mtu na yake. Mashine zina lugha kadhaa, Kiswahili bado, lakini Kiingereza kipo. Dereva wa basi hapokei fedha taslimu, basi msimsumbue na noti.

Kuhusu Kijerumani, maneno matatu yanakutosha. Ausgang ni njia ya kutokea. Aufzug ni lifti, na hili kwa magoti ya mama ndilo neno kuu la safari. Gleis ni jukwaa la treni. Treni zenyewe zinaitwa kama daladala za kwetu, kwa jina la mwisho wa safari: U8 inaandikwa Wittenau ikielekea kaskazini na Hermannstraße ikielekea kusini. Jua jina la mwisho tu, mengine yatajipanga. Ukisikia "Zurückbleiben, bitte" unaambiwa rudi nyuma, milango inafungwa. Usimvute mama mkono kukimbilia treni, nyingine inakuja baada ya dakika chache. Na si kila kituo kina lifti, na zilizopo siku nyingine huharibika. Programu ya usafiri huonyesha lifti ipi haifanyi kazi, itazame asubuhi kabla ya kutoka hotelini.

Siku ya kwanza sasa. Hilo basi la watalii ndugu wanalokusisitizia sikushauri. Namba 100 ni basi la kawaida la abiria, la ghorofa, na tiketi yako ya saa 24 inatosha. Lilianza mwaka 1990, ukuta ulipokwisha kuanguka, ili kuunganisha pande mbili za mji, na ndiyo sababu linapita karibu kila jengo lenye jina kati ya Zoo na Alexanderplatz. Pandieni mwanzo, pale Zoo, ili mpate viti. Karibu na hapo mtaona kanisa lenye mnara uliovunjika kama jino. Mabomu ya mwaka 1943 yalilipiga, na Wajerumani wakaamua kuuacha mnara ulivyo. Basi linakata msitu wa Tiergarten, linazunguka nguzo ya ushindi yenye sanamu ya dhahabu juu, linapita ikulu ya rais, Bunge, eneo la lango la Brandenburg, kisha barabara ya Unter den Linden hadi kisiwa cha makumbusho. Viti vya ghorofani mbele kabisa ndivyo bora, ila ngazi zake ni nyembamba na zimepinda. Mama aamue mwenyewe. Niliwahi kuwa na bibi mmoja aliyepanda kwa shida, akiomba dua kila kidato, na tulipofika Alexanderplatz akakataa kushuka. Tulirudi hadi Zoo, tukaja tena.

Mshuke mara mbili tu. Kwanza Bungeni. Lile kuba la kioo juu ya Reichstag, jengo la Bunge, lililosanifiwa na Norman Foster na kufunguliwa 1999, kuingia ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na siku yenyewe uje na pasipoti. Fanya hivyo ukiwa bado Tanga, nafasi hujaa. Lifti inawapandisha hadi paani, na ndani ya kioo njia ni mteremko wa kuzunguka, si ngazi. Chini ya miguu yenu mnaona ukumbi wenyewe wa wabunge. Ukishapata nafasi hapo, mnara wa televisheni wa Alexanderplatz ufute kwenye orodha. Una mita 368, unauona bure kutoka kila kona ya mji, na pesa yake itafaa kwa chakula.

Kutoka Bungeni, lango la Brandenburg liko hatua chache, na nyuma yake kidogo kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa: nguzo 2,711 za zege zilizopangwa kama makaburi yasiyo na majina. Ardhi ya katikati imeinuka na kushuka. Mama anaweza kukaa pembeni wewe ukaingia peke yako. Watu hupiga picha za kucheka juu ya zile nguzo, nyinyi msifanye.

Mara ya pili mshuke kisiwa cha makumbusho. Kwenye orodha yako naona umeandika jumba la makumbusho la Pergamon. Lifute pia, limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, sehemu moja itafunguliwa 2027 na nyingine itachukua miaka mingi baada ya hapo. Ingieni Neues Museum mkamwone malkia Nefertiti, mkimaliza mrudi kulala. Hiyo imetosha kwa siku ya kwanza.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda mimi. U8 ni treni ya magharibi iliyokuwa ikipita chini ya mashariki. Miaka 28 treni hizi zilipunguza mwendo kwenye vituo sita vilivyozibwa, zikapita bila kusimama, abiria wakitazama dirishani majukwaa yenye giza na askari wenye bunduki. Wenyeji waliviita vituo vya mizimu. Leo mnashuka kwenye vituo hivyo hivyo, na vigae vya zamani bado viko ukutani.

Anzeni Bernauer Straße. Hapa ukuta ulipita mbele ya milango ya watu: nyumba ilikuwa mashariki, njia ya mbele yake magharibi, na siku za mwanzo watu waliruka kutoka madirishani. Sasa ni uwanja wa kumbukumbu wenye urefu wa kilomita 1.4, wazi, wa bure, na kipande cha ukuta kimeachwa pamoja na ukanda wa mauti, eneo la wazi kando yake lililolindwa na askari. Ukuta ulipobomolewa, nguzo za chuma chenye kutu zinaonyesha ulipopita. Mama asitembee yote. Tramu ya M10 inakwenda sambamba na barabara hiyo hiyo, na tiketi ni ile ile. Katikati kuna kanisa dogo la Maridhiano. La zamani lilikuwa limenaswa ndani ya ukanda wa mpaka, serikali ya mashariki ikalilipua mwaka 1985. Hili jipya kuta zake ni udongo ulioshindiliwa, na ndani ya udongo wamechanganya vifusi vya kanisa la kwanza. Mwambie mama apitishe kiganja ukutani. Nimewaona wageni wengi wa Kizungu wakiushangaa udongo ule. Mtu wa kwetu anautambua kwa kugusa, halafu anakuta kipande cha tofali la kuchomwa.

Kituo kinachofuata kuelekea kusini ni Rosenthaler Platz. Mkitoka nje, rudini kidogo na Brunnenstraße hadi namba 193 na mtazame chini. Kati ya mawe ya njia kuna kipande cha shaba cha kama sentimita kumi kwa kumi. Kinamkumbuka Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, akaingizwa vitani upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya marehemu baba yake ambayo haikulipwa. Hakupewa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani katika jumba moja la starehe Potsdamer Platz, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani, na alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Vipande vya namna hii viko kwa maelfu mjini, mbele ya nyumba za waliochukuliwa. Wenyeji hupita juu yake wakiwa na mikoba ya sokoni. Sisi tukifika pale huwa tunasimama, mmoja anasoma kwa sauti.

Baada ya hapo mtakuwa na njaa. Teremkeni na U8 hadi Kottbusser Tor au Schönleinstraße, mtaa wa Waturuki. Nyama halali si ya kutafuta, na siku za Jumanne na Ijumaa kuna soko kando ya mfereji, Maybachufer: zeituni, mikate ya moto, maembe ghali yatakayomchekesha mama, na vitambaa vya kupimwa kwa mita. Mbebe sarafu, wenye vibanda wengi wanapenda fedha mkononi. Kama mama anataka kuswali, si mbali na Hermannplatz, barabara ya Columbiadamm, uko msikiti wa Şehitlik wenye minara miwili na makaburi ya zamani ya Waislamu.

Hapo hapo karibu na Hermannplatz kuna jambo la watu wa mkoa wako. Mtaa mmoja ulikuwa ukiitwa Wissmann, jina la yule afisa wa Kijerumani aliyekuja na majeshi kuvunja vita vya Abushiri, na Abushiri mwenyewe akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 2021 kibao kiling'olewa, na sasa mtaa unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Ni mtaa wa kawaida wenye nyumba za kupanga na baiskeli zimefungwa nguzoni. Hakuna cha kulipia wala cha kuingia. Pigeni picha chini ya kibao.

Siku ya tatu, U6, mshuke kituo cha Naturkundemuseum. Mjusi wetu, yule dinosaria wa Tendaguru, yuko kwenye jumba la makumbusho lililo hapo. Wabunge wa Lindi wamemsema sana bungeni Dodoma, na nadhani ni haki yako kumwona kwa macho yako. Amesimama ukumbi wa kwanza kabisa mkiingia, kimo chake mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Alichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Msimamizi aliyeijua kazi ile kuliko wengine aliitwa Boheti bin Amrani, na chini yake vibarua kwa mamia. Mifupa ilifungwa, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Simameni chini ya shingo mtazame juu, halafu mama akae kwenye benchi. Watoto wa shule wa Kijerumani watakuja wakipiga kelele, mwalimu atataja Tendaguru kwa lafudhi ya kwao, na mama atalisikia jina la nyumbani katikati ya Kijerumani kisichoeleweka.

Mkitoka, chagueni moja kati ya mbili, si zote. Kuelekea kaskazini, U6 inafika Afrikanische Straße. Mtaa mzima pale una majina ya Afrika, mengi kutoka enzi za ukoloni: Sansibarstraße, Usambarastraße, Kongostraße, na, dada yangu, Tangastraße. Palikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina hilo mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 sehemu yake moja ikawa Maji-Maji-Allee. Ni makazi ya watu, miti na majani makavu, hakuna jumba la kuingia. Mtu asiye na habari atapita asione chochote.

Kuelekea kusini, mshuke Friedrichstraße. Nje ya stesheni kuna jengo la vioo liitwalo Kasri la Machozi, ambapo ndugu wa mashariki waliwaaga wa magharibi wakati wa mpaka. Kuingia ni bure, ni dogo, na ndani mtaona kibanda cha ukaguzi wa pasipoti cha wakati ule. Kutoka hapo chukueni teksi hadi Wilhelmstraße 92. Ndiyo, hapa teksi naikubali, ni mwendo mfupi na mama atakuwa amechoka. Mtakuta maghorofa ya kuishi na kibao cha kumbukumbu kando ya njia. Hapo ndipo palipokuwa na jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani wa wakati ule, na hapo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wajumbe wa mataifa makubwa walikaa mezani kuamua masharti ya kuigawana Afrika, hakuna Mwafrika hata mmoja kwenye kiti. Wageni wangu wengi hutegemea kuona kasri. Wanakuta mtu anatoa takataka.

Checkpoint Charlie, kivuko cha zamani cha mpaka, nimeiruka makusudi. Kile kibanda ni cha kuigiza, na pembeni wanauza kofia za kijeshi. Potsdam ni pazuri, lakini inakula siku nzima na bustani zake ni za kutembea, magoti yatalalamika. Ukiwa na mchana usio na kazi, pandeni basi 300 hadi East Side Gallery, kilomita 1.3 za ukuta uliochorwa picha. Mkae mbele ya ile inayowafurahisha, msitembee yote.

Madogo madogo: Jumapili maduka hufungwa, chakula nunueni Jumamosi au kwenye maduka ya stesheni kuu. Vyoo vingi vya mitaani hulipiwa, kwa hiyo kila mkiwa ndani ya jumba la makumbusho mama aende hata kama hajisikii. Njia ya baiskeli mara nyingi iko juu ya njia ya waenda kwa miguu, imetengwa kwa rangi tu, na waendesha baiskeli hawana huruma na mtalii aliyesimama kupiga picha. Mwezi wa kumi asubuhi ni baridi ya kweli, mama avae soksi nzito na viatu vilivyokwisha kumzoea, si vipya vya safari. Jua linazama mapema jioni, hivyo yaliyo nje yafanyeni asubuhi, ya ndani yaje baadaye.

Mwisho, kabla hujapanga siku ipi iwe ya njia ipi, tazama kalenda. Jumba la mjusi hufungwa Jumatatu, na soko la Maybachufer ni Jumanne na Ijumaa tu. Ukiniandikia tarehe zenu nitakupangia.